Yaliyotokea Kabla ya Ukurasa wa Kwanza

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Tippu Tip, alikuwa na bunduki nyingi alipoingia Utetera, magharibi ya Ziwa Tanganyika. Lakini kilichompa utawala wa nchi ile hakikuwa bunduki. Alikuwa amepata habari kwamba mtawala wa huko, Kasongo Rushie, alipotelewa na dada zake waliotekwa vitani miaka mingi nyuma. Tippu Tip akaichukua habari ile na kujiingiza ndani yake: bibi yake, alidai, alikuwa mmoja wa wanawake wale waliotekwa, na yeye ni mjukuu aliyerudi kwao. Mzee akaamini. Akamkabidhi nchi.

Kisa hicho kimo katika Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, kitabu alichokiandika mwenyewe kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode alikigeuza katika herufi za Kirumi na kukichapisha mwanzoni mwa karne ya 20, miaka michache kabla ya mwandishi kufariki Unguja mwaka 1905. Cha kustaajabisha ni namna kitabu chenyewe kinavyoanza. Hakuna habari ya kuzaliwa, hakuna malezi, hakuna ukoo uliopangwa kizazi kwa kizazi. Msimulizi anajitokeza akiwa na umri wa miaka 12, tayari yumo katika safari ndogo za biashara. Ukoo anautaja baadaye, pale unapohitajika, na palipohitajika zaidi, yaani mbele ya Kasongo Rushie, anautumia kwa ukamilifu wake wote.

Tippu Tip hakuwa mwandishi wa riwaya, na biashara yake ya watumwa na pembe imeacha majeraha ambayo Kongo haijayasahau. Hata hivyo kitabu chake kinaonyesha, miongo kadhaa kabla ya riwaya ya kwanza ya Kiswahili, jibu la swali linalomsumbua kila anayekaa kuandika hadithi ndefu. Mhusika haanzi kuishi siku kitabu kinapofunguliwa. Ana wazazi, ana deni, ana kosa alilofanya au alilofanyiwa. Mwandishi afanye nini na maisha hayo ya nyuma? Ayamwage yote mwanzoni, ayafiche, ayagawe kidogo kidogo? Na nani ayasimulie? Historia ya riwaya ya Kiswahili, ambayo sasa imepita miaka 90, inaweza kusomwa kama historia ya majibu ya swali hilo. Majibu bora, tangu zamani mpaka leo, yana jambo moja linaloyaunganisha: yanamkabidhi habari za nyuma mtu aliyemo ndani ya hadithi, mwenye sababu ya kuzisema au mwenye sababu kubwa zaidi ya kuzificha.

Mzizi mmoja uko Usambara. Mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari wa Magila walianza kuchapisha Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, na mwaka 1962 East African Literature Bureau ikaitoa upya. Ni tarehe ya watawala, si riwaya, lakini mkono wa msimulizi hodari unaonekana tangu kurasa za mwanzo. Mbega, mwanzilishi wa ukoo wa Wakilindi, ametoka Nguu. Kwa nini alitoka? Kwa sababu alikuwa kigego: meno ya juu yalimtoka kabla ya ya chini, na kwa itikadi ya wakati ule mtoto wa namna hiyo alionwa kuwa nuksi. Wazazi walipofariki, ndugu walimnyima urithi. Mbega akawa mwindaji, na hasa mwindaji wa nguruwe.

Abdallah hakujaza zaidi ya hapo. Hatuambiwi Mbega alicheza nini utotoni wala alipenda chakula gani. Tunapewa mambo mawili, ukigego na uwindaji, na yote mawili yanafanya kazi. La kwanza linamwondoa kwao na kumfanya mtu asiye na pa kurudi. La pili linamfungulia mlango wa Usambara, ambako nguruwe walikuwa wakiangamiza mashamba na watu wakitafuta wa kuwaokoa. Anawaua nguruwe, anagawa nyama, anaombwa aamue ugomvi wa watu, na mwisho anatawala Vugha. Waandishi wengi wa leo wangepata faida wakizisoma kurasa hizo wakiwa na kalamu mkononi.

Riwaya yenyewe ilipozaliwa, haikuzaliwa na wepesi huo. Uhuru wa Watumwa ya James Juma Mbotela ilichapishwa London mwaka 1934, na wataalamu wengi huihesabu kuwa riwaya ya kwanza ya Kiswahili, ingawa wengine huiona zaidi kama kitabu cha historia. Mbotela alikuwa wa kizazi cha watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa na kupewa makazi Freretown, mji mdogo ulioanzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society karibu na Mombasa katika miaka ya 1870 na kupewa jina la Sir Bartle Frere. Kengele ya Freretown ingalipo, na mahali pale panaitwa Kengeleni hadi leo. Kwa hiyo Mbotela aliandika habari za jamii nzima ambayo maisha yake ya nyuma yalikatwa kwa panga: watu wasio na kijiji cha kurejea, waliopewa majina mapya na dini mpya, na wenye kumbukumbu ya mateso tu kama urithi wao.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Kurasa zinazoeleza biashara ya watumwa kwa jumla zinasomeka kama somo la darasani, na sifa anazowamiminia Waingereza zimemletea lawama za haki kutoka kwa wahakiki. Lakini pale simulizi inapomfuata mtu aliyekamatwa, akaswagwa hadi pwani na kupakiwa chomboni, kitabu kinapata uhai. Tofauti haiko katika ukubwa wa mambo. Mambo ni yale yale. Tofauti iko katika nani anayabeba.

Mtu aliyeielewa tofauti hiyo barabara alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, kijiji kilicho karibu na Tanga. Shaaban Robert husomwa shuleni kama mwalimu wa maadili, na ni kweli alikuwa hivyo. Lakini kwa swali hili la yaliyotangulia, alikuwa pia fundi ambaye ufundi wake haujasifiwa inavyostahili.

Tazama Adili na Nduguze, iliyotoka mwaka 1952. Mfalme Rai wa Ughaibu anapata habari ya ajabu: Adili, liwali wake wa Janibu, mtu mpole na mwadilifu kuliko wote, kila usiku huwapiga mijeledi manyani wawili. Kisha huwahudumia vizuri kama wageni wa heshima. Mfalme anamwita na kutaka maelezo. Karibu kitabu kizima ni jibu la Adili. Manyani wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomwonea kijicho na kujaribu kumwangamiza, na jini Huria ndiye aliyewageuza na kumwamuru awapige.

Asili ya kisa inajulikana. Katika Alfu Lela Ulela kuna liwali wa Basra ambaye ndugu zake wamegeuzwa mbwa, naye anaitwa mbele ya Harun al-Rashid kujieleza. Mkusanyiko ule ulikuwa umepata tafsiri ya Kiswahili tangu miaka ya 1920, kazi ya Edwin Brenn na Frederick Johnson. Shaaban Robert aliibadilisha hadithi kwa kiasi kikubwa, akaipa majina yenye maana na mafundisho yake mwenyewe, lakini hakugusa mhimili wake, na alifanya vyema. Mhimili huo ni kwamba msomaji anauona mjeledi kabla ya kuijua sababu yake. Fumbo linatangulia, historia inafuata kama ufumbuzi. Kama kitabu kingeanza na utoto wa ndugu watatu, urithi wa baba yao na safari za biashara, msomaji angehitaji subira kubwa. Kwa kuwa amekwisha kuona manyani wakipigwa usiku, sasa anaitaka kila habari ya zamani kwa hamu, hata zile ndefu. Na Adili hasimulii kujifurahisha. Yuko mbele ya mfalme anayeweza kumwadhibu.

Mwaka mmoja kabla, katika Kusadikika, mwandishi huyo huyo alikuwa amekwenda mbali zaidi. Karama ameshtakiwa kwa kutaka kuanzisha uanasheria katika nchi ya kufikirika. Anapewa siku sita za kujitetea. Badala ya kujisemea yeye, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa zamani kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya manufaa kwa nchi yao, na kila mmoja akaishia gerezani. Ni nadra kuona riwaya ambayo zamani inachukua nafasi kubwa kiasi hicho na bado msomaji hachoki. Sababu yake ni ya kisheria kabisa: kila kisa ni ushahidi. Wafungwa wale bado wamefungwa, mshitakiwa anaweza kuuawa, na kila siku ya kesi inaongeza uzito katika mizani. Mwisho mfalme anawafungua wote. Yaliyopita yamebadilisha hukumu ya leo, na mwandishi hawezi kuomba kazi kubwa kuliko hiyo kutoka kwa yaliyopita.

Wakati Shaaban Robert akiwa bado hai, mtu mwingine alikuwa akiandaa njia tofauti. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, alikuwa mwandishi wa habari aliyehariri magazeti Zanzibar kabla ya kuhamia Dar es Salaam kwenye gazeti la Mkulima. Mswada wake wa Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la uandishi la mwaka 1957–58 na kuchapishwa na East African Literature Bureau mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum, wakaingia katika fasihi ya Kiswahili na hawajatoka tena.

Riwaya ya upelelezi ni utanzu unaosimama juu ya yaliyotangulia. Maiti imekwisha kulala mzimuni. Kilichobaki ni kujua maisha gani yaliifikisha pale. Mwalimu wa Abdulla kwa mbali alikuwa Arthur Conan Doyle, na kuwalinganisha wawili hao kunafundisha. Katika A Study in Scarlet ya mwaka 1887, Doyle alipofika mahali pa kueleza kisasi kilianzia wapi, alikata hadithi katikati. Sherlock Holmes akaachwa London, na msomaji akapelekwa Marekani, katika jangwa la Utah, kwa sura kadhaa za watu wasiojulikana. Msomaji aliyekuwa akifuata mantiki ya Holmes ghafla yumo katika kitabu kingine. Doyle alirudia njia hiyo katika The Valley of Fear mwaka 1915.

Abdulla hakuhitaji kuondoka Unguja. Alikuwa na nyenzo ambayo Doyle hakuwa nayo: mazungumzo ya barazani. Visiwani, ambako mtu huulizwa ni mtoto wa nani kabla ya kuulizwa anafanya kazi gani, habari za zamani zimo vinywani mwa watu, nusu zikisemwa, nusu zikimezwa. Bwana Msa hachunguzi alama za vidole na majivu ya sigara peke yake. Anazungumza, anatania, anasikiliza nani amekwepa jina gani. Mara kwa mara siri inayofichuka ni ya uzazi: mtoto aliyelelewa na asiyekuwa mzazi wake, ndoa iliyofichwa, mrithi asiyejulikana. Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976) zote zinazunguka katika ulimwengu huo wa nasaba na mali.

Kasoro ipo pia, na haina haja ya kufunikwa. Mazungumzo ya kufungua fumbo mwishoni wakati mwingine hubeba mzigo mkubwa mno, na mambo mengi ya miaka iliyopita yakamwagwa kwa pamoja mbele ya msomaji ambaye hakuwa na njia ya kuyakisia. Riwaya nyingi za mijini zilizofuata Tanzania Bara, kama zile za Elvis Musiba na Willy Gamba wake aliyeanza na Kufa na Kupona mwaka 1974, ziliukwepa mzigo huo kwa kumpa shujaa maisha machache sana ya nyuma. Gamba anapewa kazi, anakwenda. Ni njia halali kwa hadithi ya mbio, lakini shujaa wa namna hiyo hawezi kuumia kwa jambo lililotokea miaka 20 nyuma.

Waliochukua fumbo la nasaba kutoka kwa Abdulla na kuliondolea mpelelezi walikuwa Wazanzibari wa miaka ya 1970. Hapa ndipo uandishi wa yaliyotangulia ulipofikia kilele chake katika Kiswahili, na sababu haiko mbali kutafuta. Mapinduzi ya Januari 1964 yalikuwa yameupindua utaratibu mzima wa visiwa: nani mwenye ardhi, nani bwana, nani mtoto wa nani na kwa nini alikanwa. Mwandishi aliyekuwa akieleza jana ya mtu mmoja alikuwa akieleza kwa nini dunia nzima ilipinduka.

Katika Asali Chungu ya Said Ahmed Mohamed, Dude ni mtoto wa nje wa Zuberi, tajiri ambaye hakumlea. Kijana anakua bila kuujua ukweli wote wa asili yake, anaingia katika nyumba ya baba huyo, na mahusiano anayoyaanza humo ndani yanavunja kila mpaka wa damu, yeye mwenyewe akiwa gizani. Hakuna mpelelezi wa kukusanya watu na kuwaeleza. Siri inafanya kazi yake kama sumu, na msomaji anaanza kushuku kabla ya mhusika. Ujuzi huo wa msomaji, uliotangulia ule wa Dude, ndio unaoleta hofu. Mwandishi anaweza kuwa na siri ile ile, akaiweka mwisho ili kushtua, na mshtuko ukaisha kwa dakika moja. Said Ahmed Mohamed aliisogeza mbele, akaigeuza kuwa wasiwasi unaodumu kurasa nyingi.

Utengano, iliyotoka mwaka 1980, ina mfano mzuri zaidi. Maimuna, binti wa Bwana Maksuudi, amefungiwa ndani ya nyumba kubwa. Bi Farashuu anaingia katika nyumba hiyo kama mkunga, kuja kumhudumia Bi Tamima, mama yake Maimuna, wakati baba hayupo. Kila kitu kuhusu mwanamke huyu kinaonekana cha kawaida: kikongwe, mjuzi wa kazi yake, amekuja kusaidia. Baadaye ndipo inapodhihirika kwamba ana hesabu ya zamani na mwenye nyumba. Maksuudi aliwahi kumwoa binti yake, Mwanasururu, akamdhulumu mali na kumwacha. Bi Farashuu amesubiri miaka. Kila alichofanya katika nyumba ile, kila neno alilosema kwa upole, linabadilika maana mara msomaji anapoijua habari hiyo, na mtu hujikuta akirudi nyuma kusoma tena.

Ubora wa jambo hili unastahili kusemwa wazi. Historia ya Mwanasururu ingeweza kuwekwa katika sura ya kwanza kwa ukurasa mmoja. Ingeeleweka. Lakini Bi Farashuu angekuwa mlipiza kisasi tangu anapobisha hodi, na msomaji asingepata nafasi ya kumwamini. Kwa kuchelewesha, mwandishi amempa kikongwe huyu maisha mawili: moja la machoni, jingine la moyoni, na yote mawili ni ya kweli.

Shafi Adam Shafi alishika njia nyingine kwa makusudi. Katika Kuli (1979), inayochota kutoka mgomo wa wapagazi wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948, Rashidi hana siri. Baba yake, Majaliwa, alikuwa kuli na alikufa akiwa kazini bandarini. Shafi anatuonyesha hayo moja kwa moja, kwa mpangilio wa wakati, ili Rashidi anapobeba gunia lake la kwanza msomaji ajue uzito wake halisi. Miaka 24 baadaye, katika Haini, hali imegeuka. Riwaya hiyo inahusu kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972, na Shafi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowekwa kizuizini. Humo gerezani maisha ya nyuma ya mtu yamekuwa kitu cha kukamuliwa. Wapelelezi wanataka kujua alikuwa na nani, lini, wakisema nini. Kukumbuka kwa sauti kunaweza kumuua mtu mwingine. Mwandishi aliyeyapitia hayo alijua kwamba swali la nani anasimulia yaliyopita, na kwa nani, linaweza kuwa la kufa na kupona.

Ukerewe, kisiwa kilicho ndani ya Ziwa Viktoria, kilitoa waandishi wawili waliolitazama jambo hili kwa macho yanayopingana. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alimaliza mwaka 1945 riwaya kubwa kwa Kikerewe juu ya Myombekere, mkewe Bugonoka na watoto wao. Alisubiri miaka 35. Tafsiri yake mwenyewe ya Kiswahili ilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Mambo yote yanatokea kabla ya wakoloni, na kila jambo linaelezwa: namna ya kutengeneza pombe ya ndizi ambayo Myombekere anadaiwa na wakwe ili arudishiwe mkewe, namna ya kuvua, kuganga, kuamkiana. Kwa kanuni za kawaida maelezo hayo ni mengi kupita kiasi. Lakini Kitereza hakuwa akiandika maisha ya nyuma ya mhusika mmoja. Aliandika maisha ya nyuma ya Wakerewe wote, kwa vijana aliowaona wakiyasahau, na kila anayekisoma kitabu hicho kwa pupa anakikosea heshima.

Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo kisiwani humo humo mwaka 1944, alikuwa mtu wa kukata. Katika Rosa Mistika (1971) hakusimama kueleza kwa nini Rosa anapotea baadaye. Alitupeleka nyumbani kwao, tukamwona Zakaria, baba mlevi na mkali, akimwadhibu binti yake vikali kwa sababu ya barua ya mvulana. Tunaposhuhudia kipigo hicho kikitokea, hatuhitaji kuelezwa baadaye. Rosa anapofika chuoni na kuanza kuanguka, msomaji anazo sababu zote mkononi. Kezilahabi alimsoma sana Shaaban Robert; tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1976 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilimhusu yeye. Hata hivyo kufikia Nagona (1990) na Mzingile (1991) alikuwa ameacha karibu kila kitu kinachoitwa historia ya mhusika, akabaki na msafiri katika ulimwengu wa mafumbo.

Kenya, swali hili liliingia darasani. Vizazi vya wanafunzi wa sekondari wamejifunza kutaja mbinu rejeshi katika mtihani, wakionyesha ukurasa ambapo mhusika anakumbuka. Ni ujuzi wenye faida, lakini unaweza kuacha dhana kwamba kurudi nyuma ni pambo, kwamba kadiri mhusika anavyokumbuka mara nyingi ndivyo kitabu kinavyokuwa bora. Ken Walibora, mwandishi aliyesomwa sana katika madarasa hayo hadi kifo chake mwaka 2020, alijua vinginevyo. Katika Siku Njema (1996) Kongowea amekulia Tanga, mama yake, Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu, amefariki, na baba yake hamjui. Kwa hiyo habari za nyuma ni kitu ambacho shujaa mwenyewe anakikosa. Anavuka mpaka na kuingia Kenya kuzitafuta, mpaka Kitale. Kila anachogundua kuhusu jana yake kinamgharimu safari, njaa au machozi, na msomaji anakilipia pamoja naye.

Katika Kidagaa Kimemwozea (2012) Walibora alipindua mpangilio huo. Amani anafika Sokomoko kama kijana fukara wa kuchunga ng'ombe, na anajua vizuri anachokitafuta: mswada wake ulioibwa, na haki ya ukoo wake ulionyang'anywa ardhi. Anayaficha. Mtu anayemwona akikama maziwa nyumbani kwa Mtemi Nasaba Bora hajui kwamba mchungaji huyo ndiye mshitaki wa Mtemi. Ni Bi Farashuu katika umbo jingine.

Miaka miwili baadaye Assumpta K. Matei alitoa Chozi la Heri, na kidonda kilikuwa kibichi bado. Vurugu zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100 na kuwafukuza mamia ya maelfu makwao. Matei anaanza na Ridhaa amesimama juu ya mabaki ya nyumba yake iliyoteketea na watu wake. Kutoka hapo anarudi nyuma, hadi siku Ridhaa alipotengwa na watoto wenzake shuleni kwa kuwa familia yao ilihamia Msitu wa Heri kutoka kwingine, hadi kwa mzee wa familia, Mwimo Msubili, aliyehamia hapo. Kurudi nyuma huku si pambo la mtihani. Waliochoma nyumba ile walidai kuwa wanajua asili ya Ridhaa kuliko yeye mwenyewe, kwamba si mwenyeji. Kila kumbukumbu anayoitoa ni hoja dhidi yao, kama alivyofanya Karama mbele ya mfalme wa Kusadikika miaka 63 kabla.

Leo miswada mingi inaandikwa. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, ambayo sasa inaitwa Safal-Cornell, ilianzishwa mwaka 2014. Tanzania ilizindua Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu mwaka 2022 na kutoa zawadi za kwanza mwaka uliofuata. Vijana wanaojiandaa kushindana wana urithi mkubwa wa kujifunzia kuliko miongozo ya uandishi iliyotafsiriwa kutoka kwingine, na urithi huo ni vitabu hivi. Baadhi yavyo havipatikani kwa urahisi nje ya maktaba za vyuo vikuu. Wachapishaji wanaoshikilia haki za Kisima cha Giningi, Asali Chungu na kitabu cha Kitereza, pamoja na wale wanaoweza kuirudisha Habari za Wakilindi madukani, wafanye hivyo wakati kizazi hiki kingali kinaandika riwaya zake za kwanza.